Buti la Mguu wa Kushoto

Kiatu kilichokaribia kuniua kilikuwa kiatu kizuri. Lilikuwa buti jipya la kupandia mlima, la kufunga kwa kamba, lenye soli nene yenye meno kama tairi la trekta, nami nilijivunia sana siku nilipolinunua. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye shamba moja nje ya Gilgil, ambako mama mmoja daktari wa mifugo, tuliyemwita Madam, alifuga farasi wa kufundishia watu na wa kutembeza wageni. Nilianza kwa kusomba samadi na kubeba maji. Baadaye saisi wa pale, mzee aliyekuwa ametunza farasi tangu ujana wake, akaona siwaogopi, akaanza kunipandisha kwenye wale wapole. Baada ya muda kazi yangu ikawa kuwapanda farasi kila asubuhi ili wanyooshe miguu kabla wageni hawajafika. Sikuwa na hamu ya kazi nyingine yoyote.

Asubuhi hiyo nilikuwa juu ya farasi jike mwekundu, mwenye masikio yasiyotulia. Tulikuwa tunarudi zizini tukipita kwenye vichaka vya leleshwa, mwendo wa kutembea tu, punda milia wawili wakachomoka mbele yetu. Farasi akaruka kando. Mimi nikabaki hewani, kisha nikaanguka.

Kuanguka nilikuwa nimeshazoea. Ila safari hii mguu wangu wa kulia haukuanguka pamoja nami. Meno ya soli yalikuwa yamenasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia ubavuni mwa tandiko. Farasi alipohisi kuna kitu anakiburuta akazidi kuogopa, akatoka mbio.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka kwato. Kwato za nyuma zilikuwa zikitua karibu na sikio langu, tena na tena, na kila zilipotua nilihisi ardhi ikitikisika kwenye fuvu. Changarawe iliingia ndani ya blauzi na kunichuna mgongo. Nilijaribu kujikunja niushike mguu wangu, nikashindwa. Kisha ghafla nikawa nimelala tu, nikiangalia mawingu, soksi ikiwa imejaa vumbi. Sikuwa nimekaza kamba vizuri asubuhi ile. Mguu ulichomoka, buti likaenda na farasi.

Saisi alimkamata yule farasi kwenye lango. Aliponifikia aliniangalia macho, akaniangalia mgongo, akaniambia nisimame nitembee. Nikatembea. Ndipo akarudi kulitoa buti kwenye kikuku, na ilibidi alipige ngumi kadhaa ndipo litoke. Akaligeuza soli juu, akanionyesha.

"Hii imekushika kama mtego wa panya," akasema. "Kwa farasi unataka soli laini, mguu uteleze utoke. Na kisigino, ndio mguu usipite wote ukaingia ndani ya chuma. Hiyo tu."

Madam alikuja na sanduku lake la dawa, akanisafisha mgongo kwa maji ya dawa yaleyale anayosafishia farasi. Alizungumza kwa upole, na hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea.

"Hupandi tena mpaka uwe na mabuti ya farasi."

"Nitayapata wapi, Madam?"

"Sijui. Lakini mimi sitaki kumpigia mama yako simu ile."

Nikarudishwa kwenye toroli na reki. Likizo za wageni zilikuwa zinakaribia, na nilijua farasi hawawezi kusimama zizini wakinisubiri. Mtu mwingine angetafutwa.

Mama yangu aliuza viatu vya mitumba sokoni Nakuru. Ndiyo kazi iliyonisomesha. Babu yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye reli, na watoto wake wakabaki mjini humo wakiwa makarani na mafundi, na Mama peke yake akaenda sokoni. Miezi mingi kabla ya ajali ile nilikuwa nimemtumia picha kwenye simu, picha ya mabuti marefu ya ngozi yanayofika karibu na goti, nikamwambia akiyaona kwenye gunia aniwekee. Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Hakulizungumzia tena. Mama hakuipenda kazi yangu. Kwake farasi alikuwa mnyama wa mabwana wa zamani, aliyeua watu wawili katika kijiji cha mama yake, na hakuelewa kwa nini binti aliyesoma mpaka chuo aende kumkalia mgongoni.

Jumapili hiyo nilienda nyumbani nikiwa nimejipanga kunyamaza. Tulienda kanisani, tukarudi, tukala. Nilikaa wima muda wote, sikuegemea kiti. Jioni nilipoinama kuokota kijiko, blauzi ilipanda juu, na Mama alikuwa nyuma yangu.

Alivuta blauzi juu taratibu mpaka shingoni, akasimama hapo. Nilikuwa nikimsikia anavyopumua.

"Ni yule farasi?"

"Ni viatu, Mama. Viatu vilinasa."

Nikamweleza habari ya meno ya soli na kikuku. Niliongea haraka, nikipunguza mambo, nikaacha zile kwato. Alinisikiliza akiwa bado ameshika blauzi. Kisha akaishusha, akaniambia niende naye sokoni kesho yake kabla sijapanda gari la Gilgil.

Kibanda chake kilikuwa na meza ya mbao iliyofunikwa kwa turubai. Kulipopambazuka vizuri alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya ile meza mpaka begani, akatoa mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mabuti mawili marefu, ya ngozi nyeusi, yenye ukungu mweupe kwenye mikunjo.

"Yalikuja lini?"

"Kabla ya mvua."

Mvua ilikuwa imekuja ikaisha. Nilimwangalia. Yeye alikuwa anafuta ukungu kwa upindo wa aproni yake, akizungusha kidole gumba kwenye mshono, kama anavyofanya na kiatu chochote kabla hajakipanga mezani.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungevaa."

Kisha akanipa kigoda nikae. "Vaa sasa."

Niliyajaribu pale pale, watu wakipita na maandazi na chai. Yalikuwa ya kuvuta, bila zipu, ya kizamani. La kulia liliingia kwa kusukuma. La kushoto lilibana kwenye kifundo cha mguu mpaka nikatokwa na jasho, likakubali mwisho. Mama alipitisha kidole nyuma ya kisigino, akabonyeza kwenye vidole, akanizungusha mikono kwenye shavu la mguu kuona kama ngozi imeshika bila kukata. Akaniambia nikae, nikunje goti kama niko juu ya mnyama. Sehemu ya juu ilinichoma nyuma ya goti. Nikamweleza nilichokuwa nimeambiwa na saisi, kwamba buti la farasi likivaliwa hushuka kidogo, ngozi inakunjika kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo likiwa jipya mguuni lazima liwe refu kupita kiasi. Soli ilikuwa laini kama ya kiatu cha kanisani. Kisigino kilikuwa kifupi, cha mraba, na kimekaa imara.

"Hiyo inatosha kutoka?" Mama aliuliza. "Ukianguka?"

"Inatosha."

"Hakuna zipu. Ukiumia mguu utaitoaje?"

Nilikuwa nimeshasimama, nikijiangalia miguu.

Nilirudi kazini na ule mfuko mapajani, na kuanzia siku hiyo mabuti yale nikayatunza kama mtoto mchanga. Kila jioni niliyafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, hasa upande wa ndani unaogusa farasi, kwa sababu jasho la farasi likikauka kwenye uzi linaula uzi huo mpaka mshono unaachia. Kisha sabuni ya ngozi, kidogo sana, kwa kuzungusha. Mafuta nilipaka mara moja moja tu, kwa sababu yakizidi ngozi inalegea na buti linaanguka kama soksi. Siku za mvua nilijaza magazeti ndani na kuyaweka mbali na jiko. Mfanyakazi mmoja aliwahi kuanika yake kando ya moto, yakapasuka kama udongo wa kiangazi. Kuyavua nilitumia ubao wenye mkato wa pembe mbili, niliotengenezewa na saisi. Unakanyaga ubao kwa mguu mmoja, unaingiza kisigino cha mwingine kwenye mkato, unavuta. La kushoto daima lilikuwa gumu kutoka.

Kila nilipokwenda nyumbani Mama aliyaangalia yakiwa miguuni, akaangalia pembeni. Hakuniuliza habari za farasi. Aliuliza tu kama nimekula.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Lilikuwa jua la asubuhi, upepo mdogo kutoka upande wa ziwa Elementaita, mimi juu ya yule farasi mwekundu na saisi nyuma yangu juu ya farasi dume mzee. Tulitoka kwenye lango la shamba, tukaingia barabara ya vumbi ya murram inayopita kati ya nyaya za mashamba mawili na kwenda kukutana na barabara kuu ya Nakuru na Nairobi. Kwa kawaida tulikwenda kidogo tu, kisha tukaingia kwenye pengo la kushoto kurudi malishoni.

Kabla ya pengo, pikipiki ilikuja nyuma yetu ikiwa imebeba mabati. Saisi alinyoosha mkono kumsimamisha dereva, naye akapunguza mwendo kweli, lakini gurudumu likaingia kwenye shimo na mabati yakagongana.

Farasi alikuwa ameshaondoka kabla sauti ile haijaisha masikioni mwangu.

Nilivuta hatamu. Hakuitikia, ilikuwa kama kuvuta gari. Pengo la malishoni likapita kushoto. Nilijua namna ya kumsimamisha farasi aliyetoroka: unamvuta upande mmoja, unamzungusha duara, duara linapungua mpaka anachoka. Lakini kulia kulikuwa na waya wa miiba, kushoto waya wa miiba. Mbele yetu nikaanza kusikia malori. Kwanza mngurumo, halafu nikayaona juu ya majani, vichwa vya matrela vikipita kimoja baada ya kingine.

Niliwaza kuruka. Nikawaza ardhi ile ya mawe. Nikawaza farasi peke yake akiingia kwenye lami, na mtu aliye ndani ya gari dogo linalokuja kwa kasi. Nilikuwa nikisema naye, sijui nilikuwa namwambia nini, nadhani nilikuwa namwambia "mama, mama, mama," kama anavyoniita mama yangu akitaka nitulie.

Karibu na lami waya uliisha na kukawa na kiwanja kidogo ambako watu huuza viazi. Asubuhi hiyo kilikuwa kitupu. Nilishika hatamu ya kushoto kwa mikono yote miwili, nikajilaza nyuma, nikavuta. Kichwa chake kikageuka mpaka nikaona jicho lake lote. Miguu yake ikateleza kwenye changarawe. Akaanguka kwa ubavu wa kushoto, juu ya mguu wangu.

Nilisikia mlio kama wa kuni kavu. Kisha uzito ukaondoka, farasi akasimama, na mguu ukatoka kwenye kikuku bila kipingamizi, laini, kama unavyotoa kijiko kwenye uji. Nikabaki chini. Yeye akapiga hatua mbili, akaingia kwenye lami.

Lori lilipiga honi ndefu. Nilifumba macho. Breki zililia, harufu ya mpira ulioungua ikanijia puani, na nilipofumbua lori lilikuwa limesimama mshazari na farasi amesimama mbele ya taa zake, anatetemeka, hatamu zinaning'inia. Saisi alifika akiwa amempeleka yule dume mzee kwa mwendo ambao sikujua bado anao. Akaniangalia mimi, akamwangalia farasi. Aliganda.

"Shika farasi!" nikapiga kelele. "Mimi niko! Shika farasi!"

Akaenda akamshika.

Madam alinipeleka hospitali Nakuru kwa pikapu yake, akiwa ameshampigia Mama simu. Mguu niliuweka juu ya kiti. Mwanzoni ulikuwa unauma, halafu ukaanza kujaa ndani ya buti, nikauhisi unapanuka na ngozi ikikataa kupanuka. Tulipokaribia mjini maumivu yalipungua, nikafurahi. Madam hakufurahi.

"Chezesha vidole."

"Ninachezesha."

"Unavisikia?"

Nikatafuta vidole vyangu. Sikuvipata. Aliongeza mwendo.

Daktari alikuwa kijana, mtulivu. Alijaribu kuvuta buti mara moja, nikapiga yowe lililowatoa watu kwenye viti vya korido. Akaacha. "Dada, lazima tukate."

"Usikate. Vuta tu. Nitavumilia."

"Mguu umevimba, damu haishuki vizuri. Tukichelewa tutazungumza habari nyingine."

"Vuta," nikasema. Nilikuwa nalia. Leo nikikumbuka naona nilivyokuwa mjinga, lakini wakati ule akili yangu ilikuwa imeshika jambo moja tu: bila mabuti yale sitapanda, na sitapata mengine. Madam aliniambia kitu, sikumsikia. Ndipo mlango ukafunguka, Mama akaingia na aproni yake ya sokoni, amevaa ndara, anahema.

Nilijua atanitetea. Mtu ambaye hawezi kuona kiatu kimelala upande bila kukisimamisha.

"Mama, waambie wavute. Wanataka kukata."

Aliliangalia buti. Aliinama, akaupapasa mguu juu ya ngozi kutoka gotini kushuka, kisha akamgeukia daktari.

"Kata."

"Mama!"

"Kata, daktari. Ni kiatu."

Mkasi ulishindwa kuingia. Daktari akachukua kisu kidogo cha wembe, akasema ngozi imebana mno, anaogopa kuukata mguu wenyewe. Mama hakungoja aambiwe. Aliingiza vidole viwili kati ya soksi na ngozi, kutoka juu, akaisukuma ngozi nje. "Kata hapa, juu ya vidole vyangu," akasema. Daktari alisita. Mama akamwangalia mpaka akainama. Wembe ukapita juu, vidole vyake vikashuka, wembe ukapita, vidole vikashuka, wakaenda hivyo polepole mpaka chini. Karibu na kifundo cha mguu aliguna kidogo. Hakutoa mkono.

Buti lilifunguka kama ganda. Mguu uliotoka ndani haukuwa wangu, ulikuwa wa rangi ya zambarau na hauna umbo. Niliona damu kwenye soksi nikadhani ni yangu. Ilikuwa ya kidole chake.

Kisha kukaja kule kungoja. Daktari alibonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu, ukawa mweupe, ukabaki mweupe. Akabonyeza tena. Madam alikuwa amegeukia dirishani. Mama alifunga kidole chake kwa pembe ya aproni, macho kwenye ukucha wangu. Baada ya muda rangi ikaanza kurudi, polepole, na pamoja nayo maumivu ya ajabu, na nikalia kwa furaha na Mama akakaa sakafuni, hapohapo alipokuwa.

Niliwekewa chuma mguuni, halafu plasta, na nikakaa nyumbani Nakuru muda mrefu. Mama alinipikia, akanisaidia kuoga, akanipeleka kliniki. Hatukuzungumzia farasi mpaka siku plasta ilipotolewa.

"Utarudi," akasema. Hakuwa anauliza.

"Nitarudi."

Akaendelea kukuna nazi. Nilitaka aseme maneno makali ili nami nijibu. Usiku ule nilisikia akiomba kwa sauti ya chini chumbani kwake, muda mrefu, na nikajua ananiombea mimi.

Buti la kushoto nililipeleka kwa fundi, akalitia zipu imara palipopita wembe, na kipande cha ngozi laini ndani ili isinikwaruze. Nikamwambia apasue na la kulia, atie zipu ileile. Mama aliyekuwa amekuja nami alishtuka.

"Hiyo haina makosa."

"Najua. Lakini mguu wa kulia nao unaweza kuvunjika."

Nilijuta mara tu nilipolisema. Alikaza midomo, akamwambia fundi, "Mpasulie," akatoka nje kunisubiri kwenye jua.

Siku niliyopanda tena aliniambia anakuja. Hakuwahi kufika Gilgil kuniona. Alivaa viatu vyake vya kanisani na kubeba mkoba, akasimama nje ya uwanja wa mazoezi karibu na saisi. Farasi mwekundu alikuwa ametandikwa. Nilikagua kamba za tandiko, nikakagua tena, nikakagua mara nyingine bila sababu. Nilipoweka mguu wa kushoto kwenye kikuku nilishika hatamu kwa nguvu mno, na farasi akahisi, akasimamisha masikio. Nikangoja tutulie wote wawili. Kisha nikapanda.

Tulizunguka uwanja kwa kutembea. Nilipopita upande wa pili nilimtafuta Mama. Alikuwa amesimama palepale, lakini ametugeuzia mgongo, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, anaangalia barabara. Upepo ulikuwa unaleta sauti yao.

"Ameshuka?"

"Bado, mama," saisi akamjibu.

Nikageuza farasi, nikaanza mzunguko mwingine.

"Sasa je?"

"Bado."